Salamu Ziishie Mlangoni

Kwiii, halafu tak. Nikifumba macho naisikia mpaka leo. Ilikuwa sauti ya mizani ya kupimia uzito, ile ya kusimama juu yake, rangi yake ya bluu imebabuka na kioo kina ufa. Bwana Chilewa, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, alikuwa ameiweka mezani badala ya sakafuni. Aliikandamiza kwa kiganja, springi ikalia kwiii, mshale ukapanda. Alipoachia, mshale ukarudi kwenye sifuri na kugonga: tak.

"Njoo na wewe, Aneti," akaniambia. "Fumba macho. Kandamiza mpaka ufike pale nilipofika mimi."

"Sasa nitajuaje nimefika, na nimefumba macho?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Ilikuwa siku yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeajiriwa kufagia na kubadili mashuka katika chumba cha fiziotherapia cha hospitali, na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kuna kushindana na mizani. Elimu yangu ilikuwa kidato cha nne, na matokeo yangu mama aliyapokea kwa kusema tumshukuru Mungu kwa kila jambo. Lakini ndoto nilikuwa nazo tele. Kila ndege ilipopita juu ya nyumba yetu pale mtaa wa Kikuyu niliacha nguo kwenye beseni, nikasimama kuitazama mpaka ipotee, nikijiona mle mbele nimeshika usukani. Basi nikafumba macho, nikakandamiza kwa moyo wote. Nilipofumbua, mshale ulikuwa umepitiliza mbali kabisa.

"Huyo mgonjwa wako," alisema Bwana Chilewa, "sasa hivi yuko chini ya kitanda."

Mmeniomba, ninyi wenzangu mnaobaki pale, sasa nimestaafu, niandike kidogo juu ya kazi yetu kabla sijasahau. Vyeo vyangu havikuwa vingi kiasi cha kumchosha msomaji, na mshahara ni siri yangu na benki. Kwa hiyo nitaandika juu ya migongo.

Mtu anayeumwa kiuno akija, mtaalamu humlaza kifudifudi, akaweka kiganja juu ya pingili za uti wa mgongo na kusukuma taratibu kwenda chini. Mgongo una namna yake ya kubonyea na kurudi. Mwingine unakubali, mwingine unakataa. Huko kukataa ndiko tunakoita ukakamavu, na ukiweza kuupima leo na kuupima tena baada ya wiki kadhaa za mazoezi, unajua kama kuna kinachobadilika. Shida ni mikono. Nimeshuhudia wataalamu wawili, wote wazuri, wakikandamiza mgongo mmoja asubuhi moja. Mmoja akasema, "Huu mgumu." Mwenzake akasema, "Wapi! Huu wa kawaida kabisa." Na mwenye mgongo yuko katikati yao, uso kwenye lile tundu la kupumulia la kitanda, anasikiliza kesi yake.

Bwana Chilewa hakuona aibu kulisema hilo. "Vidole vyangu havidanganyi," alikuwa akisema, "ila vinachosema Jumatatu sicho vinachosema Ijumaa." Ndiyo maana ya ile mizani. Kila asubuhi kabla ya mlango kufunguliwa tulikandamiza, yeye kisha mimi, macho tumefumba, mpaka mkono ukajua wenyewe mahali pa kusimama. Nilipoweza, alinipandisha kutoka kwenye mashuka hadi pembeni mwa kitanda, niwe msaidizi wake. Mashuka niliendelea kufua. Aliyetakiwa kunipokea hakuwahi kuajiriwa.

Mashine ya kupima migongo ilikuja miaka mingi baadaye, nyuma ya pikapu kutoka chuo kikuu kule Chimwaga, imefungwa kitenge kama mtoto mchanga. Aliyeileta ni Sofia, binti mhandisi, Msandawe wa Chemba. Lugha ya kwao ina sauti za kugongesha ulimi, na alipokuwa peke yake mle ndani akiisemesha mashine yake, sisi wa nje tulidhani mashine ndiyo inayomjibu.

Ni fremu ya chuma inayokaa juu ya kitanda, yenye mota ndogo na fimbo inayoshuka taratibu. Mwisho wa fimbo kuna mpira laini, mdogo kama kizibo cha soda. Fimbo inakandamiza kwa nguvu ile ile na kwa mwendo ule ule, siku zote, na kompyuta inachora mstari kuonyesha mgongo umebonyea kiasi gani. Mgonjwa anashika kitufe chekundu mkononi. Akikibonyeza, kila kitu kinasimama. Kitufe kile kiliondoa hofu nyingi kuliko maneno yangu yote.

Nilidhani sasa kazi imekwisha, mashine itapima na sisi tutakunywa chai. Kumbe mashine inapima chochote kilicholala chini yake, pamoja na wasiwasi, shibe na kikohozi. Tulijifunza polepole. Pingili itafutwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, na wakitofautiana waanze upya. Wakikubaliana, alama iwekwe kwa kalamu, usitegemee macho. Mgonjwa avute pumzi, aitoe, abaki hapo hapo bila kuvuta nyingine mpaka fimbo imepanda, kwa sababu kifua kikijaa, mgongo nao unakaza. Mara ya kwanza mgongo unashtuka, kama mtu aliyeguswa na mkono wa baridi. Hiyo itupwe, zichukuliwe zinazofuata. Na asile sana kabla ya kuja. Mama mmoja alifika ameshiba ugali wa uwele na mlenda. Alipolala kifudifudi akaguna, akasema, "Mwanangu, hapa mtapima mlenda."

Yote hayo tulikuwa tumeshayajua alipokuja Mzee Ndahani. Ndiyo maana alitutesa.

Alitoka upande wa Zuzu. Ujanani alifanya kazi kwenye genge la reli, kunyanyua mataruma, na baadaye akageukia zabibu. Aliingia ameinama, mkono mmoja kiunoni, akakataa kiti.

"Nikikaa sitainuka, kwa hiyo niwaambie nimesimama," alisema. "Msimu wa kupogoa unakaribia. Jirani yangu analitaka shamba langu la zabibu. Watoto wangu nao wananiambia, baba uza, mgongo wako umeshakauka. Mkiniambia umekauka kweli, nauza. Mkiniambia haujakauka, nachukua mkasi wangu. Nataka neno moja tu kwenu."

"Neno moja halitoki siku moja, mzee," alisema Bwana Chilewa. "Utafanya mazoezi nyumbani, na kila wiki tutakupima."

"Sawa. Ila mkumbuke, mzabibu haunisubiri."

Nilimpenda siku ile ile. Nilipokuwa namsaidia kuvua shati alinionyesha hewani, kwa vidole viwili, namna anavyochagua tawi la kuacha na tawi la kukata. "Watu wanakata kwa hasira," alisema. "Mzabibu unakatwa kwa huruma." Vidole vile vilikuwa vinacheka. Kiuno ndicho kilichokataa.

Wiki ya kwanza mstari wake ulikuwa mzuri, mgongo unabonyea bila ubishi. Wiki ya pili ukakamavu ulipanda vibaya. Wiki ya tatu ukashuka kidogo, ya nne ukapanda tena. Sofia aliifungua mashine, akaisafisha, akaipima kwa mawe ya mizani, ikajibu sawasawa. Tulipima tena alama zetu. Hatukuona kosa. Na kila wiki Mzee Ndahani, akifunga vifungo vya shati, aliuliza jambo moja.

"Neno?"

"Bado, mzee."

Wiki ile ya nne alitutazama mmoja mmoja. "Hivi mnanipima mimi, au mnapima bei ya nyanya? Maana hii ndiyo inayopanda na kushuka hivi." Tulicheka, yeye hakucheka. "Jirani nimeshamwambia aje nyumbani wiki ijayo. Nikitoka hapa tena bila neno, nampa shamba. Msinilaumu."

Wiki hiyo nilifua mashuka nikiwa nimenuna, na mimi si mtu wa kununa. Nilikuwa naliona lile shamba ambalo sijawahi kufika, na mtu mwingine ndani yake anakata kwa hasira.

Siku yake ikafika. Nieleze kwanza jinsi chumba kilivyokuwa, kwa sababu ninyi mmekikuta kimepangwa vingine. Zamani kile chumba cha mashine kilikuwa pia ndiyo njia ya kwenda stoo ya mashuka. Siku za kliniki watu walipita humo kutwa, wahudumu, wanafunzi, hata wapishi. Basi Mzee Ndahani akalala, tukaweka alama, akavuta pumzi, akaitoa, akatulia. Nikabonyeza. Mashine ikawaka, fimbo ikaanza kushuka. Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Chilewa kutafuta funguo za stoo. Akamwona mzee amelala pale, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Kichwa kikachomoka kwenye tundu la kitanda. "Marahaba, mwanangu! Za tangu juzi? Mama hajambo?"

"Hajambo, mzee, anakusalimu."

Kwenye kioo cha kompyuta, mstari uliokuwa unapanda vizuri ukaota kinundu, kama mgongo wa ng'ombe.

"Simama," alisema Sofia.

"Nani?" aliuliza Bwana Chilewa.

"Wote."

Aliifungua michoro ya wiki zilizopita. Ya pili, kinundu. Ya tatu, kinundu kidogo. Ya nne, vinundu viwili. Tulikuwa tumeviona siku zote tukadhani ndivyo mgongo wa mzee ulivyo. Wiki ya kwanza tu ndiyo haikuwa nacho.

"Wiki ya kwanza kulikuwa na nini?" Sofia aliuliza.

Aliyejibu ni Mzee Ndahani mwenyewe, kutoka ndani ya tundu. "Si ile siku ya mvua? Hakupita mtu humu ndani. Mimi nikasinzia."

Mkitaka kujua salamu inaufanya nini mgongo, jaribuni wenyewe: laleni kifudifudi, mnyanyue kichwa na kumwitikia mtu, huku mwenzenu ameweka mkono kiunoni mwenu. Misuli yote ya mgongo inasimama kama askari. Sasa hebu fikirieni mzee wa heshima, siku ya kliniki, kila anayepita anampa shikamoo na yeye kila mmoja anamwitikia ipasavyo. Tulikuwa tunapima adabu ya mji mzima.

"Mzee Chilewa," alisema Sofia, "naomba utoke, uingie tena, upite bila kusalimia. Tuone."

Bwana Chilewa akatoka. Nikabonyeza. Mlango ukafunguliwa. Akaingia ameuma midomo, macho yako ukutani, akafika usawa wa kitanda. "Shika..."

"Mzee Chilewa!"

"Siwezi, binti yangu! Nimelelewa. Nipite mbele ya mtu mzima kama mbuzi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Lakini Mzee Ndahani alikuwa ameshaketi kitandani anatafuta shati lake, na uso haukuwa wa mzaha.

"Yaani mnataka mtoto aingie, anione nimelala, apite bila shikamoo? Mimi maiti? Na maiti yenyewe watu huiheshimu." Akaingiza mkono mmoja kwenye shati. "Mniache tu niende. Nimeshajua hapa hakuna neno."

Nikasema lililonijia.

"Mzee, kanisani, wakati wa sala, mtoto akiingia akukute umeinamisha kichwa, anakupa shikamoo?"

Mkono wa pili ukasimama nje ya shati.

"Hapana. Anakaa kimya."

"Amekukosea adabu?"

"Hapana." Alifikiri kidogo. "Ila tukitoka nje ananisalimia."

"Ndiyo."

Nadhani alikuwa anauona ule mkasi. "Basi salamu zangu nipeni zote mapema," alisema mwishowe. "Pale mlangoni, nimesimama. Nizishike kabisa ndiyo nilale. Na msinipunje."

Hatukumpunja. Tuliitana wote, tukajipanga mlangoni, hata mpishi na mwiko wake. Shikamoo mzee, marahaba. Aliposikia kwamba mpishi ni Mgogo mwenzake wakaanza upya kwa salamu ya kwao, mbukwa kwa mbukwa. Mvua imefika huko kwenu? Mbuzi je? Na yule mjukuu aliyevunjika mkono? Salamu zilikwenda mpaka chai ikapoa. Alipoishiwa wa kumsalimia alishusha pumzi, akaingia, akalala, na mimi nikasimama nje ya mlango nikizuia watu kwa kidole mdomoni.

Mstari ulipanda laini kama ukingo wa sahani. Wakapima tena, vile vile. Tukafuta alama, mzee akatembea uwanjani, akanywa maji, akalala upya. Mimi na Bwana Chilewa tukaitafuta pingili kila mmoja peke yake, na safari hii Sofia akakaa pembeni, mashine ikaendeshwa na Bwana Chilewa. Namba zilitoka zimefanana kama ndugu wa tumbo moja, na zote zikafanana na ya ile siku ya mvua. Sofia aligongesha ulimi kwa kilugha chao. Sikuelewa neno, ila nilielewa.

Mzee Ndahani akaketi. "Neno?"

Bwana Chilewa alivuta kiti, akakaa mbele yake. "Mgongo wako haujalegea, mzee."

Niliona mabega yakishuka.

"Nisikilize nimalize. Haujalegea, na haujakaza. Uko vile vile tangu siku uliyokuja. Kwa sababu haukuwahi kukauka. Unauma, hilo ni kweli, wala chuma hiki hakipimi maumivu. Hayo unayajua wewe. Lakini umekauka? Hapana. Tulipokuwa tunajifunza mashine tulipimana wenyewe kwa wenyewe. Mgongo wa Aneti huyu ni mgumu kuliko wako, na hajawahi kuumwa kiuno hata siku moja."

Mzee akanigeukia. "Wa huyu?"

"Wangu, mzee. Mgumu kabisa."

"Na mashuka yote yale unayobeba?"

"Na mashuka yote yale."

Kwanza alitabasamu upande mmoja, halafu akacheka, akacheka mpaka akakohoa. Alipomaliza aliangalia chini, viatu vyake vya matairi vilipokuwa. Wiki zote zile mimi ndiye niliyekuwa namvalisha. Nikainama kama kawaida, akanizuia kwa kiganja. Akaanza kushuka mwenyewe, taratibu sana, huku amekunja uso, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. Vidole vikafika. Akavishika viatu, akanyanyuka navyo, akavitazama kana kwamba ameviokota njiani.

"Jirani atakunywa uji, aende zake," alisema.

Alipogoa msimu ule, akipumzika kila baada ya mistari michache, amepiga magoti juu ya gunia kama tulivyomwelekeza. Sisemi hakuumwa. Aliumwa, akapata nafuu, siku nyingine akaumwa tena, lakini hakuuogopa tena mgongo wake. Mavuno yalipofika alituletea zabibu kwenye ndoo, zina mchanga wa Zuzu na tamu kupita maelezo. Aliziweka mlangoni, akasimama kusubiri salamu zake.

Kile kibao mnachokiona pale, SALAMU ZIISHIE MLANGONI, kiliandikwa na Sofia wiki ile ile. Wanafunzi wapya wanadhani ni utani, mpaka waone kinundu. Msikiondoe. Na msifikiri kinawaokolea muda. Hapana, kinawatoza muda. Mtu asiposalimiwa vizuri nje ataingia na deni lake moyoni, na deni hilo mashine italipima. Bwana Chilewa alipostaafu aliniachia ile mizani ya bluu. Nimeiacha kabatini, rafu ya chini. Umeme ukikatika, yenyewe haikatiki.

Kuna jambo moja tu lililonisumbua miaka hiyo yote. Stoo ilichukua muda mrefu kuhamishwa, na mashuka ni yangu, kwa hiyo nililazimika kupita. Nilipita kwa ncha za vidole, nimekumbatia mashuka, mdomo nimeufunga. Wengi nilikuwa nimeshawasalimia mlangoni. Lakini wengine walilazwa chini ya mashine nikiwa kwenye kamba ya nguo, nikawakuta wameshalala, kisogo tu na kitufe chekundu mkononi, na nilipotoka na mashuka mapya walikuwa wameondoka bila shikamoo yangu. Wazee wa Kondoa, wa Mpwapwa, wa Bahi. Nilijifunza kuwatambua kwa visigino.

Siku yangu ya mwisho mlininunulia keki, mkaimba, mkanilisha kwa nguvu. Mlipokuwa mnagombania vipande vya pembeni niliwaambia nimesahau kanga yangu. Sikuwa nimesahau. Niliingia chumba cha mashine, nikaufunga mlango. Mashine ilikuwa imezimwa, kitanda kina shuka safi nililolitandika asubuhi. Nikasimama upande wa kichwa, karibu na lile tundu, nikainama kidogo.

"Shikamooni."

Nikasubiri kiasi cha mzee kunyanyua kichwa na kuitikia. Kisha nikaikaza pembe ya shuka iliyolegea, nikatoka.